Kiti Kilichokipa Kioo Mgongo

Katika mji ule, mtu akienda kunyolewa alikuwa hajioni mpaka amalize. Akishakaa na kufungwa kitambaa shingoni, kinyozi alikizungusha kiti hadi mteja akatazama mlango, kioo kikabaki nyuma yake kimenuniwa. Mazungumzo yote ya dunia yalifanyika hapo: mpira, mvua, bei ya vitu, ndoa za watu. Kichwa chake mwenyewe ndicho ambacho mteja hakukiona. Kazi ikiisha, kinyozi alimpangusa shingo kwa brashi, akampaka spiriti, akakirudisha kiti polepole na kusema, "Karibu kwako." Mteja akajitazama, na hata kama hakupenda alichokiona, alijibu kwa adabu, "Nimekaribia."

Ukiuliza kwa nini, ulipewa majibu mengi kuliko uliyoyaomba. Wengine walisema mtu akijiona amenyolewa nusu, mambo yake yote yataishia nusu. Wengine walisema ni heshima, kwamba mteja humwachia kinyozi kichwa kama mgonjwa anavyomwachia daktari mwili. Kulikuwa na mpiga soga mmoja aliyeapa kwamba wafalme wa kale walinyolewa hivyo, ingawa ukimuuliza mfalme gani alianza kukohoa. Jambo moja tu walikubaliana: desturi ile ilianzia kwenye saluni ya marehemu Mzee Wembe, aliyewafundisha kazi karibu vinyozi wote wa mjini.

Wanafunzi wake walipotoka kwenda kufungua vibanda vyao, kila mmoja aliondoka na mkasi, chanuo na desturi. Kule nyuma ya hospitali wakaongeza la kwao, wakawa wanakifunika kioo kwa kitambaa cheupe. Kule stendi mteja alifumba macho kiti kikirudishwa, na waliokuwa kwenye foleni wakampigia makofi alipoyafumbua. Hata watoto wakicheza kinyozi uani, yule wa kunyolewa aligeuzwa kwanza akatazamishwa ukuta, ingawa hapakuwa na kioo wala mkasi.

Aliyeirithi saluni ile ya kwanza ni mtoto wa mzee. Watu walimwita Mrithi, kwa utani mwanzoni, lakini yeye jina akalivaa na kulifunga vifungo vyote. Picha ya baba yake aliitundika juu ya kioo. Mteja mpya akiingia, alisimuliwa habari za desturi kabla hajaulizwa anataka kunyolewa vipi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na kichwa kilichovimba, na vichwa vya namna hiyo havipungui kwa mkasi.

Siku hiyo aliingia Ndevu, mwenyekiti wa umoja wa vinyozi, mtu aliyenyoa watu maisha yake yote lakini ndevu zake zikagusa kifungo cha pili cha shati. Hakusalimia.

"Mwanafunzi wako anawatazamisha watu kioo," alisema. "Mchana kweupe."

"Yupi?"

"Yupi mwingine? Dada Mkasi."

Mrithi alisikia damu ikimpanda. Dada Mkasi alifundishwa na yeye mwenyewe, tangu siku ambazo binti yule alishika mashine kama mtu aliyeshikishwa panya. Sasa alikuwa na kibanda chake ng'ambo ya barabara, katika mstari wa vibanda vilivyokodiwa na umoja, na foleni yake ilikuwa ndefu. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa mwalimu wake. Mwalimu alilijua hilo, na hakupenda kulisikia kwa watu.

Walivuka barabara wakifuatana na vinyozi wengine wawili watatu waliotaka kuona. Kibandani kulikuwa na redio inayokwaruza, taulo zilizokunjwa vizuri, na benchi la wateja wanaosubiri. Kitini alikaa Fundi Viatu, ambaye hakusikia tangu utotoni, na povu lilikuwa limemjaa kidevuni. Alikuwa anatazama kioo. Dada Mkasi, wembe mkononi, alimwinulia nyusi kiooni na kumwonyesha pembeni mwa sikio. Fundi Viatu akanyanyua kidole kidogo: juu zaidi. Dada akaitikia kwa kichwa.

"Karibu, Mwalimu," alisema alipowaona.

"Nikaribie wapi? Umemweka mtu mbele ya kioo kichwa nusu nusu, halafu unaniambia nikaribie?"

"Hasikii, Mwalimu. Nikimgeuza hatuelewani. Hapa kwenye kioo ndipo tunapozungumza."

"Kwangu amenyolewa miaka yote. Aliwahi kulalamika?"

"Angelalamikaje?"

Benchi zima likacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini kicheko kile ndicho kilichoharibu. Mrithi alipiga hatua, akashika mgongo wa kiti kwa mikono miwili na kukizungusha kwa nguvu. Fundi Viatu hakusikia ugomvi wala hakuona mkono. Aliuona tu ukuta unakimbia na mlango unamjia. Akashtuka, akaruka, na wembe ukampata shavuni.

Damu ilichuruzika ikachanganyika na povu.

"Unaona?" Mrithi alisema kwa sauti ya watu wote kusikia. "Unaona sasa? Ndiyo maana tunawageuza watu!"

Maneno yale hayakuwa na kichwa wala miguu, lakini aliyatamka kwa uhakika, na waliosimama mlangoni wakaitikia ndiyo, ndiyo. Dada Mkasi alibana taulo kwenye shavu la Fundi Viatu, na mkono mwingine akauweka kifuani, akamwomba radhi, kana kwamba ni yeye aliyemkata kwa uzembe. Fundi Viatu alikuwa anamtazama Mrithi. Hakuwa na hasira. Alikuwa anatafuta kwenye uso wake kitu cha kumweleza kilichotokea.

Alasiri umoja ukakaa kikao cha haraka. Waliamua kwamba Dada Mkasi aondoke kibandani mwezi ukiisha, isipokuwa aende kuomba radhi mbele za watu, kwenye saluni ya Mzee Wembe, chini ya picha yake. Ndevu alimuuliza Mrithi kama anaona ni sawa. Mrithi alisema ni sawa.

Jua lilikuwa bado halijazama alipofika nyumbani. Mama yake alikuwa barazani na ungo mapajani, anachambua mchele. Alikuwa ajuza sasa, lakini macho yake yalikuwa makali, na jiwe halikumpita. Mrithi alivuta kigoda akamsimulia yote, tena kwa madoido: alivyoingia, alivyosema, kiti kilivyozunguka. Damu aliitaja kwa haraka akaipita.

Mama aliendelea kuchambua. Kisha mkono ukasimama.

"Umemfukuza mtoto wa watu?"

"Hatujamfukuza, mama. Akiomba radhi anabaki. Lakini desturi ya baba..."

"Desturi ya baba yako," mama alisema, akaweka ungo chini. "Haya. Mimi nilisema nitakufa nalo, lakini naona usipoambiwa utakata watu wote masikio. Unajua baba yako aligeuza kiti kwa mara ya kwanza kwa sababu gani?"

"Heshima kwa mteja."

"Heshima!" Bi kizee alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Sikiliza, mwanangu. Wewe ulikuwa tumboni. Saluni ilikuwa mpya, kiti kile cha chuma kimenunuliwa chakavu, na baba yako mkono wake ulikuwa bado mbichi. Akaja bwana harusi, asubuhi ya harusi yake. Kijana wa watu, nywele nzuri, amejaa furaha. Baba yako akaanza kazi kwa ile mashine ya mkono, akatanguliza chanuo, akapitisha mashine juu yake. Chanuo likateleza. Mashine ikaingia mpaka kwenye ngozi, katikati ya kichwa. Akabaki na kipara kama njia ya siafu."

Mrithi alisogeza kigoda karibu.

"Bwana harusi alikuwa ameinama, bado hajaona. Baba yako akakizungusha kiti haraka, akamwambia, 'Bwana harusi hajitazami mpaka amalize kunyolewa, ni nuksi.' Alilitunga papo hapo. Kisha akanijia jikoni, nyuma ya saluni, akasema nimpe masizi. Nikakwangua sufuria, nikachanganya na mafuta. Mkono huu huu. Tukampaka kwenye kipara, ukitazama kwa mbali huoni. Akajiona, akafurahi, akaenda zake."

"Halafu?"

"Halafu nini? Jua si liliwaka? Kijana akatoka jasho mbele ya wakwe, masizi yakashuka kwenye paji la uso, yakaingia kwenye shati jeupe. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Bibi harusi alilia. Mimi sikuwepo, lakini habari zilifika kabla ya magharibi."

Mama alichukua punje moja ya mchele akaiviringisha kati ya vidole.

"Baba yako akaingiwa na hofu kwamba atarudi kuuliza. Basi tangu kesho yake akamgeuza kila mteja. Kila mmoja! Ili yule akija akute ndiyo kawaida ya mahali. Na kweli akaja. Alikuja na ndugu zake, amefura. Akasimama mlangoni akamkuta baba yako amemgeuza mzee wa watu, na mwingine anasubiri kugeuzwa, na wote wanaona ni sawa. Kijana akanywea. Akasema, 'Kumbe ndivyo mnavyofanya. Mimi nilidhani ulinificha kitu. Naomba unisamehe, fundi, nilikufikiria vibaya.'"

"Baba akasema nini?"

"Alisema, 'Nimekusamehe.'"

Nje ya baraza kuku alikuwa anapekua takataka, na Mrithi alimtazama kuku huyo kwa muda mrefu kuliko alivyostahili.

"Kipara kilimsumbua kidogo," mama alisema. "Kila fundi hukosea. Masizi yalimsumbua kidogo. Lakini ile samahani, mwanangu, ile ilimla. Kila akilewa usingizi ananiambia, 'Aliniomba radhi, nikapokea.' Alitaka kuacha kugeuza watu, lakini wanafunzi walishaanza kuja, wanageuza kuliko yeye, wameweka na maneno juu yake. Angewaambia nini?"

Aliinua ungo wake tena.

"Sasa ulale ukijua," alisema.

Mrithi hakulala vizuri, na hakuna haja ya kusimulia usiku wa mtu anayegaragara. Kulipopambazuka alikuwa ameshaamua. Angefungua saluni, angevuka barabara, angemwambia Dada Mkasi ukweli na kufuta yale maneno ya umoja. Lakini alipofungua akakuta mteja mlangoni. Akajiambia amalize huyu kwanza. Akaja wa pili, naye akaona si vizuri kumwacha. Mtu anayetafuta sababu ya kuchelewa hakosi. Alipomrudisha wa pili kwenye kioo, maneno "Karibu kwako" yakamtoka yenyewe, na akaona haya kuyasikia.

Akawa anakung'uta kitambaa pale Dada Mkasi alipoingia.

Alikuwa amevaa nguo safi, ya kutokea. Nyuma yake alifuata Ndevu, akifuatwa na watu wa barabarani wanaopenda kuona mwenzao akishushwa. Benchi lilijaa. Dada Mkasi alisimama chini ya picha ya Mzee Wembe, mikono ameishikanisha mbele, macho chini.

"Mwalimu," alisema, kisha akainua sauti ili wote wasikie. "Mwalimu, wewe ndiye uliyenishika mkono nilipokuwa sijui kitu. Nimevunja desturi ya nyumba iliyonifundisha. Nilijiona najua kuliko wakubwa. Naomba mnisamehe, wewe na marehemu mzee."

Kila mtu alimgeukia Mrithi.

Ukweli alikuwa nao mdomoni. Ulikuwa palepale, kwenye ncha ya ulimi, kama neno la mtu anayetaka kupiga chafya. Angesema tu: binti, hakuna ulichovunja. Akamtazama Ndevu. Akalitazama benchi, watu ambao amewasimulia habari za baba yake miaka nenda miaka rudi. Akaitazama picha.

"Nimekusamehe," alisema. "Vijana hukosea."

"Asante, Mwalimu."

Watu wakapumua, mmoja akasema, "Hayo ndiyo malezi." Dada Mkasi akatoka akipitia katikati yao, na Mrithi akabaki ameshika kitambaa ambacho kilishakung'utwa zamani. Alihisi uso unamwaka mpaka kwenye masikio. Baba yake angalau alikuwa kijana, tena mwoga wa kupigwa. Yeye alikuwa mtu mzima, hakutishwa na yeyote, na alikuwa ameambiwa jana yake jioni.

Mchana alitazama ng'ambo. Alijikataza kutazama, akatazama. Fundi Viatu alikuwa amekuja kumaliziwa upande uliobaki, na plasta shavuni. Kiti kilikuwa kimegeuzwa. Alikaa ameshika mikono ya kiti kwa nguvu kama mtu anayevushwa mto, macho mlangoni, na kila mkasi ulipomgusa alishtuka kidogo, kwa kuwa hakujua unatokea upande gani. Dada Mkasi alikuwa nyuma yake, kimya, mdomo umefungwa. Hawakuwa na mahali pa kuzungumzia.

Macho ya Fundi Viatu yakakutana na ya Mrithi. Akainua mkono kumsalimu, kwa adabu zote. Mrithi akarudi ndani.

Siku ya kikao cha kawaida cha umoja alikwenda akiwa hajala. Alisimama na kuwasimulia vinyozi wenzake yote, bwana harusi, chanuo, masizi, samahani. Alipomaliza, Ndevu akacheka.

"Mwenzetu amechoka," alisema. "Mumpe maji."

"Sijachoka. Ni kweli. Mama yupo, kamuulizeni."

"Hata ikiwa kweli," Ndevu alisema, na safari hii hakucheka, "mzee aligeuza kiti kwa kuficha. Sisi tunageuza kwa heshima. Nani hapa amempaka mtu masizi?"

Hakuna aliyempaka mtu masizi. Kinyozi wa stendi akanyoosha mkono, mtu mpole asiyependa maneno.

"Kaka, kwangu watu wanakuja kwa ajili ya yale makofi," alisema. "Juzi mtu ametoka kwenye msiba, amekonda, akapigiwa makofi akatabasamu. Nimwambie nini? Kwamba yametokana na kipara?"

Kitu kilichozaliwa vibaya kilikuwa kimekulia kwenye nyumba za watu na kupendwa. Hakuwa na haki ya kwenda kukinyonga huko.

"Sitaki muache," alisema. "Nataka yule binti asilazimishwe."

"Lakini si umeshamsamehe?" Ndevu akauliza. "Mbele yetu. Yamekwisha. Na hayo mengine usiyapeleke mtaani, marehemu hasemwi."

Neno lile, umeshamsamehe, lilimfuata Mrithi mpaka nje.

Hakwenda nyumbani. Alivuka barabara. Ilikuwa saa ya watu kutoka kazini, benchi la Dada Mkasi limejaa, na Fundi Viatu amekaa mwisho wa benchi na viatu vya mtu mapajani, anavipiga rangi huku akisubiri jua lipungue. Mrithi alisimama mahali ambapo Fundi Viatu angeweza kuuona mdomo wake. Akasimulia kwa mara ya pili siku hiyo. Safari hii ilikuwa ngumu zaidi, maana hapa hakuna aliyemkatiza.

Dada Mkasi alizima mashine tangu mwanzo wa maneno. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Uliambiwa lini?" aliuliza.

"Siku ile ile, jioni. Mama aliniambia."

"Siku uliyozungusha kiti."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo kesho yake, nilipokuja kwako." Alitazama ng'ambo ya barabara. "Niliposimama pale chini ya picha. Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ukasema umenisamehe."

"Nilisema."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alichukua kitambaa, akakikung'uta, akaonyesha kiti kilichokuwa wazi.

"Kaa."

Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema, na kwa miaka mingi Mrithi alinyolewa na mwanafunzi yeyote aliyekuwepo, ameketi kwenye kiti cha baba yake, mgongo kwenye kioo kama watu wote. Sasa alikaa kwenye kiti cha mtu aliyemdhulumu. Dada Mkasi alimfunga kitambaa, akakizungusha kiti mpaka Mrithi akatazamana na uso wake kiooni. Hakuwahi kuutazama kwa muda mrefu hivyo. Aliona mifuko chini ya macho, na mdomo wa baba yake, na nyuma yake benchi zima linamtazama. Alitaka kuangalia chini, lakini mkono wa binti ukamshika kidevu, si kwa ukali, ukakiinua.

Dada Mkasi alichomoa chanuo la mashine, lile linalokinga ngozi, akaliweka rafuni. Akaiwasha. Akaiweka katikati ya paji la uso na kuipitisha taratibu, imenyooka, hadi kisogoni. Nywele zikaanguka pande mbili. Palibaki njia moja nyeupe katikati ya kichwa cha Mrithi.

Akaizima mashine, akafungua kitambaa.

"Karibu kwako," alisema.

Kwenye benchi mtu alianza kucheka, akajizuia. Fundi Viatu aliweka viatu chini, akaja, akachukua brashi kwenye rafu, akampangusa Mrithi nywele mabegani na shingoni kwa uangalifu, kama kinyozi anavyomfanyia mteja anayemheshimu. Kovu jipya lilikuwa shavuni mwake, jembamba. Hapo ndipo Mrithi machozi yalipomtoka, na kwa kuwa hakugeuzwa, kila mtu aliyaona na yeye mwenyewe akayaona.

Alirudi nyumbani kwa miguu, kichwa wazi. Watoto walimfuata, wakubwa wakajifanya wanatafuta kitu mfukoni. Mama yake alikuwa barazani. Alimtazama tangu getini mpaka alipokaa, akatazama ile njia, akaielewa.

"Nikuletee masizi?" aliuliza.

"Hapana, mama."

"Haya," alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole ambao hakuusikia tangu utotoni. "Kaa ule."

Mrithi angeweza kukinyoa kichwa chote kwa dakika moja, mashine anazo. Hakunyoa. Aliuacha mstari uote polepole, na kila aliyeuliza alisimuliwa. Kiti cha baba yake alikigeuza kikatazama kioo, na mteja aliyetaka kugeuzwa aligeuzwa, asiyetaka aliachwa. Baadhi ya wateja walihamia kwa Ndevu. Umoja haukumgusa tena Dada Mkasi, maana wangemwondoaje kwa kosa ambalo mtoto wa Mzee Wembe analifanya kila siku mlango wazi? Wakikutana barabarani, Dada Mkasi alimsalimu Mrithi, "Habari za kazi." Lile neno Mwalimu hakulitumia tena, na Mrithi hakulidai.

Siku moja, mstari ukiwa bado unaonekana, kijana mmoja aliingia na kujitupa kitini.

"Mzee, ninyoe kama wewe. Ule mstari."

Mrithi alidhani anafanyiwa dhihaka. Kijana hakuwa anacheka.

"Wenzangu wameshanyolewa kule stendi," alisema. "Wanapigiwa makofi mpaka basi zinasimama. Wanasema ni mstari wa mtu asiyeogopa. Lakini mimi nikasema niende ulikoanzia, si kwa waigaji."

Aibu ilimpanda Mrithi upya, ya moto kuliko ile ya kwanza. Alipewa alama ya kosa lake, na sasa watu walikuwa wanaivaa kwa fahari.

"Huu haukuanzia kwangu," alisema. "Huu nilipewa, na nilistahili. Ngoja nikuambie ulikotoka." Akamsimulia: bwana harusi, chanuo lililoteleza, masizi, damu shavuni mwa mtu asiyesikia, binti aliyeomba radhi bila kosa na mtu mzima aliyepokea. Hakujipunguzia kitu.

Kijana alikuwa anajitazama kiooni, anageuza kichwa huku na huku, akichagua mstari upite wapi.

"Sawa, mzee," alisema. "Ila uwe umenyooka."

Mrithi alichomoa chanuo la mashine. Akaiwasha, akaiweka katikati ya paji la uso la kijana, na kwa kuwa kijana hakuwa amesikiliza, akaanza tena tangu mwanzo: palikuwa na bwana harusi, kijana wa watu, aliyekuja kunyolewa asubuhi ya harusi yake.